Kufufua akaunti iliyofichwa kimya kimya: shajara ya duka la viungo, Unguja

Akaunti inayoshughulikiwa ni ya Instagram, mali ya duka dogo la viungo na mafuta ya asili Unguja. Ina wafuasi 6,800 hivi na posti 412, na mpaka Januari ilikuwa ikileta wateja wapya karibu kila siku kupitia DM, yaani ujumbe wa faragha. Tangu katikati ya Februari 2025 wateja wapya wamekatika. Hakuna onyo lililotumwa, hakuna posti iliyoondolewa, na mwenye duka akiingia anakuta kila kitu kiko mahali pake. Mtandaoni watu wanaiita hali hii shadobani. Shajara inaandikwa kila hatua inapokamilika, ili mwenye akaunti iliyopatwa na jambo kama hili afuate njia bila kurudia makosa yaliyomo humu.

Kwanza neno lenyewe. Shadobani ni jina moja linalobeba mambo manne tofauti: posti moja moja kutopendekezwa kwa watu wasiokufuata, akaunti nzima kutopendekezwa, vitendo kuzuiwa kwa muda, yaani kufuata, kulaiki na kukomenti, na la nne, watu kuchoka tu na unachoposti. Kila moja lina dawa yake. Anayetumia dawa ya moja kutibu jingine anapoteza wiki nzima, na mara nyingi anazidisha tatizo.

6 Machi 2025: kupima kabla ya kugusa chochote

Takwimu za Instagram zinapatikana kwenye akaunti ya biashara au ya mtayarishi wa maudhui, na kubadilisha ni bure. Kuna ushauri unaozunguka kwamba ukirudisha akaunti kuwa ya kawaida zuio linatoka. Usiufuate: unapoteza takwimu, ambazo ndizo macho yako katika kazi hii.

Limetengenezwa jedwali la Excel lenye safu tano: tarehe, aina ya posti, mitazamo yote, asilimia ya watazamaji wasiofuata, na hashtegi (maneno yenye alama ya #) zilizotumika. Zimeingizwa posti 30 za kabla ya 10 Februari na 18 za baada yake. Kazi ya saa tatu, maana kila posti lazima ifunguliwe na kusomwa takwimu zake kwa mkono.

Wastani wa kawaida haukufaa. Rili (video fupi) moja ya Desemba ilipaa hadi mitazamo 41,000 na ikavuruga hesabu yote. Imetumika namba ya kati: panga namba zote kutoka ndogo hadi kubwa, chukua iliyo katikati. Matokeo:

Kabla ya 10 Februari: wasiofuata 52%, mitazamo ya wafuasi 910.
Baada yake: wasiofuata 3%, mitazamo ya wafuasi 840.

Umbo hilo ndilo la kutafuta. Wafuasi wapo palepale, wageni wametoweka. Watu wakichoka na maudhui, namba zote mbili zinashuka pamoja. Zuio la mapendekezo linakata upande mmoja tu, na linakata ghafla. Mfano wa wazi ni rili mbili za kitu kilekile, kukaanga viungo vya pilau: ya 22 Januari ilipata mitazamo 2,140, wasiofuata 57%, ya 17 Februari ilipata 871, wasiofuata 2%. Sufuria ni lile lile, mkono ni ule ule.

Angalizo la msimu: Ramadhani imeanza mwanzoni mwa Machi. Saa za watu kushika simu zimehama; mchana kumepoa, baada ya tarawehe hadi daku kumechangamka. Kwa hiyo mitazamo ya jumla ya Machi hailinganishwi na ya Januari. Kuanzia leo kipimo kikuu ni asilimia ya wasiofuata peke yake, kwa sababu msimu unaigusa kidogo kuliko jumla.

8 Machi: vipimo vya nje, viwili kati ya vitatu havikufaa

Zimetumika simu tatu za watu wasiofuata akaunti hii.

Kipimo cha kwanza: kuandika jina la akaunti kamili kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha kuandika nusu ya jina. Jina kamili lilileta akaunti kwenye simu zote tatu. Nusu ya jina iliileta kwenye simu moja tu. Kumbe simu hiyo ni ya mpwa wa mwenye duka, ambaye hafuati akaunti lakini huitembelea kila siku, na matokeo ya utafutaji hupangwa kulingana na historia ya anayetafuta. Jibu lake likafutwa. Ukifanya kipimo hiki, omba simu ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga ukurasa wako.

Kipimo cha pili, ambacho karibu kila mwongozo unakitaja: posti kitu chenye hashtegi isiyotumiwa na wengi, kisha ufungue ukurasa wa hashtegi hiyo kwa simu nyingine uone kama posti imo. Haikuwemo. Lakini posti ya duka jingine, lenye afya kabisa, nayo haikuwemo. Kurasa za hashtegi hazionyeshi kila posti kwa mpangilio wa muda kama zamani, na tangu Desemba 2024 Instagram imeondoa hata uwezo wa kufuata hashtegi. Posti kutoonekana hapo hakuthibitishi chochote. Kipimo hiki kimetupwa, na ni vizuri kukitupa, kwani ndicho kinachowatia hofu watu wengi wasio na tatizo lolote.

Kipimo cha tatu: kufungua kiungo cha akaunti kwenye kivinjari bila kuingia. Ukurasa ulifunguka. Maana yake akaunti haijafichwa kabisa. Ipo, ila haipelekwi kwa watu.

Gharama hadi sasa: bando la 6,000.

9 Machi: Hali ya Akaunti

Hatua hii ingekuwa ya kwanza. Imechelewa kwa sababu mwenye duka alikuwa ameshaambiwa kwamba shadobani haionekani popote. Inaonekana, walau sehemu yake kubwa. Instagram ilianzisha ukurasa wa Hali ya Akaunti mwaka 2021, na Desemba 2022 ikaongeza sehemu inayowaonyesha wenye akaunti za biashara na za watayarishi kama maudhui yao yanaweza kupendekezwa kwa wasiowafuata. Menyu huhamahama kila programu inaposasishwa. Njia ya uhakika ni kufungua mipangilio, kuandika «status» kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu, na kugusa kinachojitokeza.

Sehemu ya maudhui yaliyoondolewa: tupu, alama ya kijani. Sehemu ya mapendekezo: posti 11 zimetajwa, pamoja na maelezo kwamba zinaweza kuathiri kuonekana kwa akaunti nzima.

Hapa kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Kuna kanuni za jumuiya, zinazosema nini kiondolewe. Halafu kuna miongozo ya mapendekezo, iliyotangazwa hadharani Agosti 2020, inayosema nini kibaki lakini kisipelekwe kwa wageni. Posti inaweza kuwa halali kabisa kwa kanuni za kwanza na bado ikaangukia miongozo ya pili. Ndiyo sababu hakuna onyo linalokuja: hujavunja sheria yoyote.

Posti 11 zilipopangwa, zimegawanyika hivi. Saba zinauza bidhaa kwa madai ya afya. Miongozo inataja waziwazi tiba za miujiza na bidhaa zinazouzwa kwa ahadi ya kiafya, kwa mfano kirutubisho cha kupunguza uzito. Nne ni za droo: «folo, laiki, taja marafiki watatu, ujishindie kapu la futari». Mashindano ya zawadi na kuomba laiki nayo yametajwa humo humo.

Ya kwanza katika zile saba ni ya 8 Februari, siku mbili kabla ya namba kuanguka. Hiyo peke yake haithibitishi kuwa ndiyo chanzo, lakini inatosha kuanza nayo.

11 na 12 Machi: kosa kubwa la kwanza

Msaidizi wa duka alisoma orodha hiyo na usiku uleule akafuta posti 49: zile 11, na nyingine 38 ambazo zilikuwa na maneno «afya», «dawa» au «tumbo» popote kwenye kapsheni. Nia ilikuwa njema. Madhara yake ni haya. Takwimu za posti hizo zilitoweka kabla hazijaingizwa zote kwenye jedwali. Wateja waliokuwa wamehifadhi mapishi hawakuyakuta tena. Viungo vilivyotumwa WhatsApp vikawa vimekufa. Na katika zile 38 hakukuwa na hata moja iliyotajwa na Hali ya Akaunti; mojawapo ilikuwa salamu ya pole kwa mteja aliyekuwa akiumwa.

Bahati ni kwamba Instagram inaweka vilivyofutwa kwenye folda ya vilivyofutwa karibuni kwa siku 30. Inapatikana ndani ya sehemu ya shughuli zako. Zimerudishwa posti 45 moja moja. Nne za droo hazikurudishwa, kwa sababu droo zilikuwa zimekwisha na hakuna mteja anayezihitaji.

Kanuni ya kazi kuanzia hapa: kabla ya kufuta chochote piga skrinshoti ya posti, ya takwimu zake, na ya mahali ilipotajwa. Na gusa kilichotajwa tu.

13 hadi 18 Machi: kapsheni

Posti saba za madai ya afya zinahaririwa badala ya kufutwa, mbili kwa siku. Mwendo huo wa pole una sababu: kila badiliko liwe na siku yake kwenye jedwali.

Kapsheni ya zamani ya mdalasini ilisema: «Mdalasini na asali, kunywa asubuhi, tumbo linayeyuka ndani ya siku 7. Unatibu kisukari na presha.»

Jaribio la kwanza la kuihariri lilikuwa dhaifu: «Mdalasini na asali, wengi wanasema unasaidia kupunguza tumbo.» Dai ni lilelile, limevaa kanga nyingine. Uhakiki ulipoombwa, posti ilibaki kwenye orodha.

Jaribio la pili: «Mdalasini wa magamba kutoka Kizimbani, haujasagwa. Gramu 100 shilingi 4,000. Gamba moja la urefu wa kidole linatosha birika la chai ya watu wanne. Litie maji yakiwa baridi, lichemke nayo.» Posti ilitoka kwenye orodha baada ya siku nne. Mafuta ya karafuu ya Pemba yalipita njia hiyohiyo: maneno ya jino na chunusi yakaondolewa, yakaingia yanayohusu harufu, ujazo wa chupa na jinsi ya kuyahifadhi mbali na jua.

Kuna kitu cha ziada kilichojitokeza. Maandishi yaliyo juu ya picha yenyewe nayo yanasomwa. Posti mbili zilibaki kwenye orodha ingawa kapsheni ilikuwa safi, kwa sababu picha yake ilikuwa na maneno makubwa mekundu «ONDOA KITAMBI». Picha ya posti iliyokwishawekwa haibadilishwi. Hizo mbili zimefutwa baada ya skrinshoti, zikatengenezwa upya.

14 Machi: programu za nje

Hili lilifanyika sambamba na kapsheni, ingawa ingefaa lisubiri ili matokeo yasichanganyike. Lakini usalama haungoji.

Kwenye mipangilio, sehemu ya programu na tovuti zenye ruhusa, kulikuwa na programu moja: ile inayodai kukuonyesha nani ameacha kukufuata. Imeondolewa. Kazi ikadhaniwa imekwisha. Siku ya pili akaunti ilikutwa imefuata watu 60 wapya usiku, na mwenye duka alikuwa amelala.

Sababu ni hii. Programu ya pili, ya kufuata na kuacha kufuata watu yenyewe, haikuunganishwa kwa ruhusa rasmi. Ilipewa jina na nenosiri, ikaingia kama mtu. Programu ya namna hiyo haionekani kabisa kwenye orodha ya ruhusa. Inaonekana kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia: kulikuwa na simu ambayo si ya mtu yeyote dukani, ikiwa katika nchi ambayo hakuna aliyewahi kufika.

Mpangilio sahihi ni kubadilisha nenosiri kwanza, kisha kuvitoa vifaa vyote, kisha kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Ukivitoa vifaa kabla ya kubadilisha nenosiri, kile kifaa kinarudi ndani ya dakika chache. Kwa hatua mbili imetumika programu ya kutoa namba badala ya SMS, kwa kuwa laini ya duka imeshabadilishwa mara mbili na ujumbe ungeweza kwenda kwa asiyehusika. Namba za akiba, za kuingilia simu ikipotea, zimeandikwa kwenye daftari la mauzo.

Kwa siku tatu zilizofuata, kila jaribio la kufuata au kulaiki lilileta ujumbe wa kujaribu tena baadaye. Hilo ndilo zuio la vitendo, jambo la tatu kati ya yale manne. Dawa yake ni kuacha kubonyeza. Limeondoka lenyewe 18 Machi.

21 Machi: shilingi 60,000 zilizopotea

Mtu aliyejitangaza kuwa anaondoa shadobani kwa saa 24 alilipwa 60,000. Aliomba nenosiri, hakupewa, akasema atafanya bila hilo. Ndani ya siku mbili wafuasi walipanda kutoka 6,800 hadi 8,300. Hao 1,500 hawakuwa watu: akaunti zisizo na picha, majina ya herufi na tarakimu zilizochanganywa. Kwenye takwimu, orodha ya miji ya wafuasi ilibadilika: Dar es Salaam ikashuka nafasi ya tatu, juu yake ikakaa miji miwili ya bara jingine.

Madhara yanakwenda mbali zaidi ya fedha. Miongozo ya mapendekezo inataja pia akaunti zinazojijenga kwa njia za udanganyifu kama kununua laiki. Kilichonunuliwa kama dawa kilikuwa sababu mpya ya ugonjwa.

Kuondoa ni kwa mkono: fungua orodha ya wafuasi, gusa kuondoa. Ukienda kasi, zuio la vitendo linarudi. Zimeondolewa 150 kwa siku, asubuhi 75 na usiku 75, kuanzia 26 Machi hadi 4 Aprili. Ni siku kumi za kazi ya kuchosha ambayo isingekuwepo. Hakuna mtu wa nje mwenye mlango wa kuingilia kwenye mfumo wa mapendekezo. Anayedai anao anauza wafuasi bandia, au anatafuta nenosiri.

7 Aprili: orodha tupu, wageni bado hawajarudi

Hali ya Akaunti imeonyesha kijani kote. Idi imepita, siku zimekaa sawa, sasa vipimo vinaaminika zaidi. Posti saba za tangu 31 Machi zina wasiofuata 14% kwa namba ya kati. Imepanda kutoka 3, lakini 52 iko mbali.

Kwa siku tano likajaribiwa lile la «kupumzisha akaunti»: siku tatu bila kuposti, kulaiki wala kukomenti, kisha kurudi. Posti mbili za kwanza baada ya mapumziko zilikuwa na 13% na 15%. Hakuna kilichobadilika.

Likajaribiwa la hashtegi. Kulikuwa na kifungu cha hashtegi 30 kilichonakiliwa kutoka kwenye noti za simu na kubandikwa kila posti, nyingine za mapenzi na mpira, hazihusiani na viungo. Zikapunguzwa hadi nne zinazohusiana kweli. Asilimia haikusogea kwa kiasi cha kuonekana. Zimeachwa nne kwa sababu ni safi, lakini anayefuata shajara hii asitegemee muujiza hapo.

12 Aprili: chanzo cha pili

Jedwali liliongezewa safu ya sita: video imepigwa na nani. Jibu likajitokeza lenyewe. Kati ya 1 Februari na 19 Machi akaunti iliposti rili 23. Kati ya hizo, 13 hazikuwa za duka: ni mapishi ya watu wengine, yamepakuliwa na kupandishwa tena kama yalivyo. Nyingine sita ni za duka lenyewe, lakini zilitengenezwa TikTok kwanza na zina nembo yake ikirukaruka pembeni. Nne tu ndizo safi.

Mambo mawili yanahusika. Tangu Februari 2021 Instagram imesema wazi kwamba rili zenye nembo ya programu nyingine hazipewi nafasi katika mapendekezo. Na Aprili 2024 ikatangaza kwamba akaunti inayoposti tena na tena kazi za wengine isizoziongezea kitu, mara 10 au zaidi ndani ya siku 30, haitapendekezwa. Inarudi kwenye mapendekezo siku 30 baada ya posti ya mwisho ya namna hiyo. Rili 11 kati ya zile 13 zilianguka kati ya 18 Februari na 19 Machi. Zimevuka kumi.

Hesabu ni rahisi: 19 Machi kuongeza siku 30 ni 18 Aprili. Hapa hakuna kifungo cha kubonyeza. Ni kusubiri, na kutoposti hata moja ya wengine wakati unasubiri, kwani kila moja inasogeza tarehe mbele.

Kwa zile sita za TikTok, jaribio la kufunika nembo kwa ukungu lilifanywa kwenye video moja. Imeonekana mbaya, na nembo inahama kona kila baada ya sekunde chache, hivyo ukungu unafunika nusu ya sufuria. Utaratibu mpya ni kupiga video kwa kamera ya simu, kuhariri nje ya TikTok, kuhifadhi faili safi, halafu kuipandisha kila mtandao kivyake. Faili linakaa kwenye folda lenye jina la tarehe. Vimenunuliwa stendi ya simu 25,000 na kipaza sauti cha kubana kwenye nguo 30,000, maana sasa sauti ni ya duka lenyewe: mchi, kinu, iliki inavyopasuka.

25 Aprili: rili za majaribio

Desemba 2024 Instagram ilileta rili za majaribio kwa watayarishi waliokuwa na wafuasi 1,000 na zaidi. Rili ya namna hiyo inapelekwa kwa wasiokufuata peke yao. Wafuasi hawaioni mpaka uamue. Ilitengenezwa kwa ajili ya kujaribu mawazo, lakini kwa kazi hii ni kipimo bora kuliko vyote. Akaunti isiyopendekezwa ikiweka rili hiyo, namba inabaki karibu na sifuri, kwa kuwa hakuna wafuasi wa kuificha aibu.

Rili tatu, siku tatu mfululizo, kila moja ikisomwa baada ya saa 24:

Kukausha karafuu jamvini: mitazamo 312.
Tofauti ya iliki nzuri na iliyozeeka: 1,046.
Bei za wiki: 58.

Akaunti imerudi kwenye mapendekezo. Na hapa jambo la nne linajionyesha wazi: bei za wiki hazina mvuto kwa mgeni, na hilo si zuio. Bei zimehamishiwa kwenye stori, wanakozitafuta wateja wa kila siku.

23 Mei: mitandao mingine ya duka

Kwa ufupi, kwa kuwa duka lina akaunti huko pia. TikTok inayo sehemu ya kukagua akaunti, inayopitia posti 30 za karibuni na kusema ipi haistahili kupendekezwa. Alama za makosa huko hufutika baada ya siku 90. Imekaguliwa, iko safi.

X (zamani Twitter) inahitaji uangalifu. Tangu Mei 2025 haifunguki Tanzania bila VPN, programu inayokufanya uonekane uko nchi nyingine. Hilo ni zuio la mtandao kwa nchi nzima, halihusiani na akaunti yako. Kutofautisha ni dakika mbili: mwombe mtu aliyeko Mombasa atafute jina lako. Akikupata, akaunti ni nzima. Kuhusu VPN, kuingia leo kupitia nchi moja na kesho nyingine kunafanana na wizi wa akaunti mbele ya mifumo ya usalama. Anayeitumia achague nchi moja na abaki nayo, na sheria za nchi kuhusu VPN azijue.

Kwa ndugu wanaoendesha akaunti wakiwa Ulaya, mlango upo wa kisheria ambao Unguja haupo. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu 17 Februari 2024, inaubana mtandao ukueleze sababu unapopunguza kuonekana kwa maudhui yako, na uweke njia ya kukata rufaa ndani yake. Julai 2024 mahakama ya Amsterdam ilimpa ushindi Danny Mekić, mwanasheria wa Uholanzi, dhidi ya X katika kesi ya kufichwa akaunti yake. Kabla ya kulipa mtu yeyote, ombeni sababu kwa maandishi kwa kuitaja sheria hiyo, ibara ya 17.

2 Juni: hesabu ya kufunga awamu hii

Wasiofuata, namba ya kati ya posti 20 za Mei: 44%. Nusu ya kwanza ya mwezi ilikuwa 31, nusu ya pili 49. Wateja wapya wa DM wamerudi kati ya wawili na wanne kwa siku. Wafuasi 6,930.

Gharama: bando 18,000 kwa miezi yote mitatu, stendi 25,000, kipaza sauti 30,000, na zile 60,000 zilizopotea. Jumla 133,000. Kazi ya lazima ingegharimu 18,000 tu. Stendi na kipaza sauti vinaendelea kutumika dukani.

Kapsheni za zamani, za 2022 na 2023, bado zina madai ya afya ambayo mfumo haujayataja. Zinahaririwa tano kwa wiki, kuanzia za juu kwenda chini. Leo imefika ile ya manjano na maziwa. Hali ya Akaunti inafunguliwa kila Ijumaa kabla ya duka kufungwa, na skrinshoti yake inawekwa kwenye folda ya wiki.